Kapu la Samadi

Nyinyi wenzangu mnaosoma kurasa hizi huku mkiisikia bahari ya chumvi, niwieni radhi. Leo nawachukua hadi kisiwa cha maji baridi. Ukara ni kisiwa kidogo katika Ziwa Viktoria, kaskazini ya Ukerewe, chenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 80, na mawe yasiyohesabika. Mimi si mzaliwa wake. Nilizaliwa upande wa Geita, na kwa zaidi ya miaka thelathini makazi yangu yamekuwa Nyakato, mjini Mwanza, kando ya barabara iendayo Musoma, ambako usiku husikii maji bali malori. Lakini baba yangu alizaliwa Ukara, akaondoka akiwa kijana, na maisha yake yote hakupenda kuulizwa kwa nini.

Kilichonipeleka huko ni kazi ya tafsiri. Mwaka 2022 nililetewa kijitabu cha Kiingereza kinachohusu kilimo hai, nikatakiwa kukitia katika Kiswahili chepesi kwa ajili ya wakulima wadogo wa Kanda ya Ziwa. Kazi za namna hii ndizo zinazomlisha mshairi. Mashairi yenyewe, kama wasomaji wa kurasa hizi wajuavyo, hula badala ya kulisha. Nikakaa mezani, nikafungua kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, niliyoinunua ujanani kwa mchuuzi wa vitabu vikuukuu na ambayo ndiyo iliyokuwa sekondari yangu na chuo kikuu changu, nikaanza. Sura za mwanzo hazikunisumbua. Lugha yetu ina msamiati wa mambo hayo. Mwaka 2005 kilianzishwa chama cha kuendeleza kilimo hai Tanzania, na mwaka 2007 nchi za Afrika Mashariki zikakubaliana kiwango kimoja cha mazao ya kilimo hicho, na alama yake ikaitwa Kilimohai, jina la Kiswahili lililopokewa hata na wasiokizungumza. Mboji, matandazo, mbolea ya kijani: maneno yote nilikuwa nayo. Nilikuwa nayo kama mtu mwenye funguo za nyumba asiyowahi kuingia.

Sura ya tano ndiyo iliyonishika. Ilieleza desturi iliyoanza Uingereza mwaka 1971, pale karani mmoja wa London, Sue Coppard, alipotafuta njia ya watu wa mjini kwenda shambani mwishoni mwa juma, wafanye kazi katika mashamba yasiyotumia kemikali, nao wapewe chakula na mahali pa kulala. Fedha haipiti mkononi mwa yeyote. Desturi hiyo imeenea katika nchi nyingi, na mwandishi wa kijitabu alichagua mfano wa kishamba kidogo katika vilima vya Italia, chenye mizeituni, mbuzi wachache na kuku. Alimsimulia mwanamke mmoja, mfanyakazi wa benki, aliyeacha ofisi yake kwa majuma matatu akaenda kubeba mbolea ya mbuzi, na usingizi uliokuwa umempotea kwa mwaka mzima ukamrudia. Niliifasiri sura hiyo kwa furaha na kwa wivu. Nilikuwa na umri wa miaka 53. Miaka 20 nilikuwa nimeimaliza kitini, mgongo ukiuma na usingizi ukinikimbia vile vile.

Ila neno moja likanikwamisha. Mtu wa namna hiyo tunamwita mtu wa kujitolea, na hapana mtafsiri atakayeandika vinginevyo. Lakini kwa watu wa rika langu neno hilo lina jasho ndani yake. Tulipokuwa shule ya msingi, mwishoni mwa miaka ya sabini, tulijitolea kila siku. Tulijitolea kulima shamba la pamba la shule, kusomba mawe, kumchotea mwalimu maji, na asiyejitolea alichapwa. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 siamini kwamba alilikusudia hilo, ila ndivyo lilivyotufikia sisi. Sasa huyu bibi wa benki nimtie katika neno lile lile? Niliandika, nikafuta, nikaandika tena. Ukurasa uliofuata nikakutana na sentensi isiyo na taabu yoyote, isemayo kuwa samadi ni mbolea isiyo na gharama, kwa sababu mkulima anayo tayari zizini mwake. Hiyo niliimaliza kwa nusu dakika, kisha nikaenda kunywa chai.

Katika chai hiyo ndipo nilipomkumbuka shangazi.

Shangazi yangu, dada wa baba, hajawahi kuishi mahali pengine isipokuwa Ukara. Nilikuwa nimemwona mara tatu tu maishani, na mara zote ilikuwa misibani. Ninachokumbuka zaidi ni shingo yake, ambayo ni nene na imenyooka kama ya mtu wa miaka thelathini. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni maumbile. Baadaye, katika kusoma kwangu kwa kuokoteza, nilikuja kukuta kwamba kisiwa chake kina sifa kubwa vitabuni kuliko kilivyo na sifa Mwanza. Mwaka 1936, katika toleo la kwanza kabisa la jarida la Tanganyika Notes and Records, maafisa wawili wa Kiingereza, Thornton na Rounce, waliwaandika Wakara kwa mshangao. Udongo wa kisiwa ni mwepesi, wa mchanga uliomomonyoka kutoka katika mawe ya matale, watu wamebanana, ardhi haipumziki hata mwaka mmoja. Kwa hesabu ya kawaida ilipasa iwe imekufa zamani. Nayo haikufa, kwa kuwa Wakara waliwafunga ng'ombe wao nyumbani, wakawakatia majani na matawi, wakawatandikia, wakakusanya samadi yote na kuirudisha shambani kwa vichwa vyao. Walijenga kuta za mawe kuuzuia udongo usiteremke. Ndani ya uwele walipanda marejea, mmea usiolika, kwa ajili tu ya kuufukia uwe mbolea. Kando ya ziwa walichimba mashimo mpaka yakaribie maji, wakaotesha humo majani ya ng'ombe. Zaidi ya miaka thelathini baadaye, mwaka 1967, Mjerumani mmoja aitwaye Ludwig aliandika kitabu kizima juu ya kilimo cha kisiwa hiki kimoja.

Kwa hiyo, nilijiambia, ninatafsiri kijitabu cha kuwafundisha watu wa Kanda ya Ziwa mambo ambayo nyumbani kwa baba yangu yalifanywa kabla mwandishi wake hajazaliwa, na mimi mwenyewe sijui samadi ina uzito gani. Nikafanya uamuzi. Sitakwenda Italia, sina nauli ya Italia. Nitakwenda kujitolea Ukara.

Mke wangu hakulipenda jambo hilo, wala sikumlaumu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kikitoka Bugolora kwenda Bwisya, kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati ya Ukara. Ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio la Bugolora. Watu 228 walikufa. Mji wa Mwanza, ambao ulikuwa bado haujaisahau MV Bukoba ya mwaka 1996, ulikaa kimya siku nyingi. "Umri huo ndio unakwenda kutafuta kazi ya kibarua ng'ambo ya maji?" aliniuliza mke wangu. Nikamwambia si kibarua, kibarua hulipwa. Hakucheka.

Nilisafiri mwezi Oktoba, kabla ya mvua kukolea. Meli kutoka Mwanza hadi Nansio, pikipiki hadi Bugolora, kisha kivuko. Nilisimama karibu na mlango mwendo wote, nikayatazama maji yaliyotulia kama mafuta kwenye karai. Baadhi ya waliokufa walizikwa pale pale Bwisya. Nilipita, nikasoma dua fupi, nikaanza kutembea.

Nilimkuta shangazi ameketi uani anachambua dagaa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, baba." Ananiita baba kwa kuwa nina jina la baba yake. "Nani amekufa?"

Nikamweleza kuwa hakuna aliyekufa. Nimekuja kumsaidia kazi, nimekuja kujitolea.

"Umekuja kujitoa?" Masikio yake hayako sawa tena, na Kiswahili chake huchanganyika na Kikara, lugha ambayo mimi naisikia kwa shida.

"Kujitolea, shangazi. Nifanye kazi shambani, unipe chakula na mahali pa kulala. Pesa sitaki."

Alinitazama kwa muda. "Na nani hapa," akasema, "asiyefanya hivyo?"

Basi asubuhi nikaanza. Shamba la shangazi halizidi ekari moja na nusu, nalo limekatwa vipande vinne ambavyo havikugusana: kimoja nyuma ya nyumba, kimoja bondeni cha mpunga, viwili juu mlimani katikati ya mawe. Siku hizi muhogo umechukua sehemu kubwa ya Ukara, na yeye pia anao. Marejea amebakiza mstari mmoja tu, ambao jirani zake wanauona kama mazoea ya kizee. Ana ng'ombe wawili wa kienyeji. Zizi lao liko chini ya paa, na sakafu yake imechimbwa ikashuka hadi mapajani mwa mtu. Kila siku hutandikiwa majani makavu, huyakanyaga, huyalowesha, na juu yake hutandikwa mengine, hata samadi huwainua ng'ombe polepole, na kufikia mwisho wa kiangazi migongo yao hukaribia paa. Hapo ndipo shimo huchimbuliwa. Nami nilikuwa nimefika wakati huo hasa, bila kujua.

Harufu yake si mbaya kama mnavyodhani. Safu za juu ni kali, hutoa machozi. Lakini ukishuka chini kwa beleshi unakutana na kitu cheusi, chenye uvuguvugu, kinachokatika kama keki na kunuka kama msitu baada ya mvua. Nilifurahi, nikafikiri: kumbe hii ndiyo mboji niliyoiandika mara arobaini! Furaha hiyo ilidumu mpaka kapu lilipojazwa na kuwekwa juu ya kichwa changu.

Sikulipima kapu, ila nimewahi kubeba mfuko wa saruji wa kilo 50, na hili naliweka kati ya nusu na theluthi mbili ya huo. Njia ya mlimani ina hatua 740. Nilizihesabu siku ya pili, siku ya kwanza sikuweza kuhesabu. Inapanda kati ya mawe, mahali pengine ni upana wa mguu mmoja, na mtu mwenye kapu hawezi kutazama anapokanyaga. Anapaswa kuijua njia kwa unyayo. Kata ya majani niliyopewa iliteleza, shangazi akaisuka upya na kuifunga kwa gome la mgomba, akanionyesha kwamba uzito haubebwi na kichwa bali na pumzi: toa pumzi ukipanda jiwe, usiishike ndani. Siku ya kwanza nilikwenda safari sita. Yeye, mwenye miaka kama themanini, alikwenda nne na kapu dogo, na katikati ya safari hizo alikata majani ya ng'ombe, akawaletea maji kutoka ziwani, akapika.

Tulikula ugali wa muhogo uliochanganywa na uwele, kwa dagaa, na Jumapili kwa sato. Asubuhi michembe na chai ya rangi. Nililala saa mbili usiku, usingizi mzito wa yule bibi wa Italia, na kwa siku nne nilikuwa mtu mwenye furaha kabisa. Niliandika hata beti mbili. Siku ya tano malengelenge ya viganjani yalipasuka, shingo ikakataa kugeuka upande wa kushoto, na ushairi ukaniacha.

Nilikuwa nimechukua kitabu kimoja cha kusoma jioni, riwaya ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe, ile ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Mtafsiri yeyote wa Kanda ya Ziwa anapaswa kumwamkia mzee huyu. Aliimaliza kazi yake kwa Kikerewe mwaka 1945, hakuna aliyetaka kuichapa katika lugha hiyo, naye akaketi akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ikatoka mwaka 1980, akafariki mwaka 1981. Ujanani niliisoma kwa ajili ya mapenzi na magomvi, na kila Kitereza alipoanza kueleza kazi za shamba na za nyumbani nilirukaruka kurasa, nikamwona mzee anayechosha. Sasa, kwa mwanga wa taa ya sola, mikono ikiwaka moto, nilizisoma kurasa hizo moja baada ya nyingine kama mtu asomaye barua iliyoandikwa kwa jina lake.

Siku ya tisa tulikuwa tunapanda pamoja, yeye mbele. Karibu na hatua ya mia nne kuna jiwe bapa lenye kimo cha kifua, ambapo mtu anaweza kulitua kapu bila kuinama na kulipandisha tena bila msaidizi. Wapandaji wote hupumzika hapo. Uso wake umelainika kwa makapu. Shangazi alitua, akajifuta, akasema, kana kwamba anazungumzia hali ya hewa:

"Hapa ndipo baba yako alipoliacha lake."

Nikanyamaza. Yeye naye alinyamaza kidogo, akaendelea. Ilikuwa kabla ya Uhuru, mvua zilikuwa zimechelewa. Baba alikuwa na miaka kama ishirini, yeye kumi na mitano. Bibi yangu alikuwa shambani juu akiwangoja. Walipofika kwenye jiwe, baba alitua kapu. Hakulitupa, shangazi alilisisitiza hilo kwa mkono: aliliweka vizuri, akalishindilia lisimwagike. Akasema anashuka ziwani kuoga. Shangazi aliyaona mabega yake yakishuka kati ya mawe, akamwona akiingia kwenye mtumbwi wa watu waliokuwa wakienda Ukerewe. Hakuoga.

"Nikalipandisha langu, nikarudi kuchukua lake," alisema. "Samadi haiachwi njiani. Jua linaiua."

Ndugu msomaji, mimi nilikulia Geita katika nyumba ya mtu huyo. Baada ya mwaka 1947, katika Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, serikali ya kikoloni ilifyeka mapori ya mbung'o na kuyafungulia watu, na Geita ikapokea wahamiaji wengi, Wakara wakiwamo. Baba alipata ardhi ambayo huko kwao ingewatosha watu ishirini. Alilima pamba na mihogo, akafuga ng'ombe waliochungwa porini na kulala bomani. Kando ya boma samadi ilirundikana mwaka baada ya mwaka ikawa kilima, nasi watoto tulikitumia kuteleza. Hata kapu moja halikwenda shambani. Udongo ulipochoka, baba alifyeka mahali pengine. Bwana shamba alipita na kumlaumu mbele yetu: mtu wa Ukara, taifa la wabeba samadi, anawezaje kuiacha mali hiyo inyeshewe? Baba alimsikiliza kwa adabu, akampa kuku. Mama alizoea kusema kwamba mumewe hawezi kuvumilia harufu. Mimi, niliposoma kidogo, nikaamua kuwa ni uvivu, na nilimdharau kwa hilo kwa siri mpaka tulipomzika mwaka 2004.

Haya yaliyomtokea baba yamo vitabuni, ila niliyapita kama nilivyozipita kurasa za Kitereza. Wataalamu walioisifu Ukara waliandika pia, bila kuficha, kwamba Mkara akihamia kwenye ardhi tele huuacha ustadi wake wote: haikusanyi tena samadi, hafungi ng'ombe ndani, hapandi marejea. Waliliona kuwa ni fumbo, wakalifumbua kwa hesabu: saa nyingi mno za kazi kwa debe la uwele. Hesabu ni sahihi, wala sina ugomvi nayo. Lakini hesabu hiyo haikuwa na jiwe bapa, wala haikuwa na msichana aliyerudi kuchukua kapu la pili.

Nilimwuliza kama alimkasirikia kaka yake.

"Msimu mmoja." Akafikiri. "Misimu miwili. Kisha nikaolewa, papo hapo, ng'ambo ya kile kilima, na kapu likanifuata." Alicheka, na kicheko chake ni cha baba hasa. "Wewe unadhani alifanya vibaya?"

Sikujua niseme nini. Nikasema nadhani alimwachia mzigo.

"Aliniachia. Lakini yeye alikuwa mwanamume, mtumbwi ulimpokea. Mimi ningeuambia nini mtumbwi?" Akainama, akaliingiza kapu kichwani kwa mtikisiko mmoja wa shingo. "Ningekuwa mwanamume, baba, ningetangulia mimi. Yeye ndiye angerudi kuchukua langu."

Tukapanda hatua zilizobaki. Nilikuwa nimekuja na picha ya mlinzi wa hazina, mwanamke wa mwisho anayejua siri za udongo, na pengine mlinzi huyo angefaa sana katika utangulizi wa kijitabu. Mtu niliyemkuta ni mwingine. Udongo wake anaujua, ndiyo. Hushika konzi moja akakuambia ulipata samadi msimu gani. Lakini wajukuu zake wawili wanaovua dagaa, na wa tatu anayeendesha bodaboda Nansio, hawalaumu hata kidogo. Huwauliza tu wameshika kiasi gani, na akipewa noti huifunga katika pembe ya khanga akafurahi. Nilipomwambia kwamba Ulaya watu walioshiba huacha kazi zao kwenda kubeba mbolea kwa hiari, hakushangaa kama nilivyotarajia. Aliuliza jambo moja: wakichoka, wanaweza kuondoka? Nikasema ndiyo, wakati wowote. "Basi hiyo," akasema, "ni kazi nzuri."

Niliondoka siku ya kumi na tisa. Nilikuwa nimekusudia kukaa mwezi, lakini mgongo ulikuwa umekataa, na Nyakato nilikuwa na tarehe ya kukabidhi kazi. Shimo lilikuwa halijaisha. Theluthi moja ya samadi ilibaki, na mawingu yalikuwa yamekwisha kusimama upande wa ziwa. Hili linanichoma mpaka leo kuliko malengelenge. Nilimtafutia shangazi kijana wa kumalizia, nikamlipa kabla, na kijana akabeba siku mbili, akaenda ziwani kwa kuwa dagaa walikuwa wamesogea. Iliyobaki aliibeba nani, mnajua.

Asubuhi ya kuondoka hakunisindikiza hadi Bwisya. Alinifikisha mwisho wa ua, akanipa kifurushi cha michembe na mfuko mdogo wa samadi ya chini kabisa, ile nyeusi, uliofungwa kwa kamba ya katani. Mfuko huo ulinigharimu mabishano kwenye kivuko, nauli ya mzigo kwenye meli, na pale Buzuruga kondakta wa daladala alinitaka niteremke nao. Niliutembeza kwa miguu hadi nyumbani. Nyuma ya nyumba yetu, kati ya mawe mawili, kuna udongo wa ukubwa wa kitanda. Mke wangu alipanda mchicha hapo. Ulistawi. Hakusema kitu juu ya safari yangu tena, ila kila alipouchuma aliniita nitazame.

Nikarudi mezani. Neno kujitolea nililiacha kama lilivyo; halina mbadala, na labda ni vema likae na jasho lake. Sentensi ya samadi ndiyo niliyoibadilisha. Niliandika kuwa samadi ni mbolea ya gharama kubwa, ambayo hulipwa kwa shingo, na kwamba kabla ya kumshauri mkulima aitumie, mshauri aulize kwanza ni nani katika nyumba hiyo atakayeibeba. Walionipa kazi waliisoma, wakanipigia simu kwa upole. Sentensi yako ni nzuri, walisema, lakini itawavunja moyo wakulima, na isitoshe si tafsiri. Katika hilo la pili walikuwa na haki kabisa. Kijitabu kikatoka na sentensi ya awali, na chini ya ukurasa wa kwanza, kwa herufi ndogo, jina langu.

Mwezi Desemba, mvua zilipokuwa zimeshika, nilimpigia shangazi simu kupitia kwa yule mjukuu wa Nansio aliyekuwa amekwenda kumsalimu. Kulikuwa na kelele za matone kwenye bati. Alinieleza kuwa uwele umetoka vizuri kwenye kipande cha juu, kile tulichokibebea sisi, na kwamba ng'ombe mmoja ana mimba. Kisha akauliza habari za mikono yangu.

"Imepona, shangazi."

"Yote miwili?"

"Yote."

"Vema," akasema. "Shimo limeanza kujaa."